Dakika Kumi Bila Kalamu Nyekundu

Mwaka 1964, katika mji wa Kalamazoo, jimbo la Michigan huko Marekani, mwalimu mmoja wa chuo kikuu alifika mwisho wa uvumilivu wake. Aliitwa Ken Macrorie. Alikuwa anafundisha uandishi Western Michigan University, na wala hakuwa mwalimu wa hivi hivi: alikuwa amehariri jarida la kitaaluma linalosomwa na walimu wa uandishi wa nchi nzima. Lakini kila akibeba rundo la insha za wanafunzi wake kwenda kuzisahihisha, alikutana na kitu kilekile. Utangulizi upo, kiini kipo, hitimisho lipo. Sarufi si mbaya. Ila ndani hakuna mtu.

Siku hiyo akawapa wanafunzi kazi ya ajabu kidogo. Waende nyumbani, wakae, waandike chochote kinachowajia kichwani kwa dakika 10, au mpaka ukurasa ujae. Wasisimame. Wasirudi nyuma kusahihisha. Wasijali nukta wala tahajia.

Walichomletea kilimshtua. Sehemu kubwa ilikuwa takataka, tusidanganyane. Lakini katikati ya takataka kulikuwa na sentensi zinazopumua, za watu wanaosema walichokiona kwa macho yao, kwa maneno yao. Ni walewale walioandika zile insha zilizokufa. Mwaka 1970 Macrorie alisimulia kisa hicho katika kitabu chake Uptaught, na lugha ya zile insha za mwanzo akaiita Engfish. Neno hilo alilipata kwa mwanafunzi wake mmoja aliyekuwa anachezea maneno: Kiingereza kilichoingiwa na samaki, na samaki mwenyewe ananuka.

Kiswahili nacho kina samaki wake. Utawajua tu: "suala zima la elimu", "changamoto mbalimbali", "kwa namna moja ama nyingine". Hebu fungua ripoti yoyote ya mafunzo kwa vitendo, ukikosa hata mmoja kwenye ukurasa wa kwanza uniambie. Mwanafunzi haandiki hivyo kwa sababu hana la kusema. Anaandika hivyo kwa sababu hayo ndiyo maneno ambayo hayajawahi kumletea alama ya mkasi.

Zoezi la Macrorie leo linaitwa uandishi huru, na huko duniani limeshakuwa kama dawa ya kila ugonjwa. Utasikia ukiandika hivyo kila siku utafaulu mitihani, utapona msongo, utamaliza tasnifu. Sasa mimi ni mtu wa "data iko wapi?", kwa hiyo nikaanza kufuatilia. Nilichokikuta kina pande mbili, na historia yake inasaidia kuelewa upande upi ni imara na upi umepakwa rangi tu.

Siku tatu za Börne

Zoezi lenyewe ni la zamani kuliko Macrorie. Mwaka 1823, mwandishi wa Kijerumani aitwaye Ludwig Börne alichapisha makala fupi yenye kichwa kinachofanana kabisa na matangazo ya mitandaoni ya leo: jinsi ya kuwa mwandishi wa kipekee kwa siku tatu. Ushauri wake: chukua karatasi, na kwa siku tatu mfululizo andika kila kinachopita akilini mwako, bila uongo na bila unafiki. Andika unavyomfikiria mke wako, vita, wakubwa zako, kila kitu. Zikiisha siku tatu, asema Börne, utashangaa mwenyewe.

Börne aliandika zama ambazo serikali za Ujerumani zilikagua magazeti kabla hayajachapwa. Hata hivyo alishikilia kwamba mkaguzi mkali zaidi si yule wa serikali. Ni yule tunayembeba kichwani, anayeuliza kila mara watu watasemaje. Kwa maoni yake, wengi wetu hatukosi akili, tunakosa ujasiri. Ukiniuliza mimi, miaka mia mbili baadaye hakuna aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini mwanafunzi anakodolea macho ukurasa mtupu.

Kisa hicho kina mkia. Kijana mmoja wa Vienna alipotimiza miaka 14 alizawadiwa maandiko ya Börne, na akaja kukitunza kitabu hicho hadi uzeeni. Kijana huyo ni Sigmund Freud. Alipokuja kuwa daktari alijenga mbinu yake maarufu juu ya kanuni ileile: mgonjwa aseme lolote linalomjia, asichuje. Mwaka 1920, baada ya kukumbushwa makala ya siku tatu, Freud alikiri kwamba hakuikumbuka, lakini huenda wazo lilizama kichwani tangu utotoni na yeye akadhani amelibuni.

Wakati huohuo, huko Paris, André Breton na Philippe Soupault walilichukua wazo upande wa sanaa. Mwaka 1919 walikaa wakaandika kwa kasi bila kuchuja, na kazi ikatoka 1920 kwa jina Les Champs magnétiques. Hao walitafuta ushairi, na tutawaacha na ushairi wao.

Aliyelifanya liwe tabia ya kila siku ni Mmarekani, Dorothea Brande. Kitabu chake Becoming a Writer cha mwaka 1934 kiliwaambia wanaojifunza kuandika waamke nusu saa mapema kuliko kawaida, na kabla ya kuongea na mtu au kusoma gazeti, waandike tu. Mwaka 1934 adui alikuwa gazeti. Leo ni simu iliyolala chini ya mto.

Mtu aliyeshindwa kuandika

Mtu aliyelileta zoezi hili moja kwa moja kwa wanafunzi wa kawaida, wasio na ndoto ya kuwa waandishi, ni Peter Elbow, na stori yake naipenda kuliko zote kwa sababu inaanza na kufeli.

Elbow alikuwa mwanafunzi mzuri. Alipata ufadhili wa kwenda Oxford, na huko ndiko insha zilikoanza kumshinda. Anakaa, anaanza sentensi, anaifuta. Anaanza nyingine, anaifuta. Akarudi Marekani, akaanza uzamivu Harvard, hali ikawa ileile, mwisho akaacha njiani. Yaani mtu huyu, ambaye baadaye vitabu vyake vilikuja kusomwa na walimu wa uandishi kila mahali, aliwahi kuacha masomo kwa sababu hawezi kuandika.

Akapata kazi ya kufundisha MIT. Miaka ikapita, akarudi shuleni, na safari hii alimaliza uzamivu chuo cha Brandeis mwaka 1969. Kilichobadilika ni nini? Kila alipokwama alikuwa na desturi ya kuchukua karatasi nyingine pembeni na kujiandikia mwenyewe: nimekwama wapi, nilikuwa nataka kusema nini, kwa nini sentensi hii naichukia. Maandishi ya fujo, ya mtu anayejisemesha. Hizo karatasi za pembeni ndizo zilizozaa kitabu chake cha mwaka 1973, Writing Without Teachers.

Hoja ya Elbow ni rahisi. Kuandika kunadai kazi mbili zinazogombana. Moja ni kuzaa mawazo, na hiyo inataka ukubali kila kinachokuja. Nyingine ni kuyachambua, na hiyo inataka ukatae karibu kila kitu. Ukizifanya zote kwa wakati mmoja ni kama kuendesha gari ukiwa umekanyaga mafuta na breki pamoja: injini inanguruma, moshi unatoka, gari halisogei. Dawa yake ni kuzitenganisha kwa saa. Kwanza dakika 10 za mafuta tu. Breki baadaye.

Jambo moja la kuchekesha: watu wengi wanaamini Elbow alisema uandike kila siku. Hapana. Katika kitabu kile alipendekeza angalau mara tatu kwa wiki. "Kila siku" ni ya Brande, na baadaye ya mwanasaikolojia mmoja ambaye tunamfikia sasa hivi.

Na data je?

Mwanasaikolojia huyo ni Robert Boice. Miaka ya 1980 aliwachukua wahadhiri waliokuwa na shida ya kuandika akawagawa makundi. Kundi moja liliambiwa lisiandike ila kwa dharura. La pili liandike pale hamu ikija. La tatu liandike kwa ratiba, na asiyetimiza anaadhibiwa: pesa yake inatumwa kwa taasisi anayoichukia. (Fikiria shabiki wa Simba anayelazimika kuichangia Yanga kila anapotega.) Kundi la hamu liliandika wastani wa kurasa 0.9 kwa siku. Kundi la ratiba liliandika 3.2.

Sawa, utasema, ukimtishia mtu lazima aandike. Lakini Boice alihesabu pia mawazo mapya. Waliosubiri hamu walipata wazo jipya wastani wa kila siku mbili. Waliolazimishwa na ratiba walipata kila siku. Waliokatazwa kuandika, kila siku tano. Mpangilio huo ni kinyume kabisa na tunavyojidanganya kwamba wazo huja kwanza ndipo kalamu ifuate. Walakini upo: kundi lake lilikuwa dogo, walikuwa wahadhiri na si wanafunzi, na walichoandika ilikuwa kazi yao, si lazima uandishi huru. Boice anatuthibitishia ratiba, hatuthibitishii uhuru.

Uhuru wenyewe ulipimwa na Ronald Kellogg mwaka 1988. Aliwapa wanafunzi wa chuo barua za kuandika. Baadhi waliandaa mpangilio wa hoja kwanza, wengine hapana. Baadhi waliandika rasimu ya haraka bila kujali makosa, wengine waliisafisha tangu mwanzo. Waliopanga hoja waliandika barua bora zaidi. Rasimu ya haraka haikuongeza ubora wa barua ya mwisho. Kwa mtu aliyempenda Elbow kama mimi, tokeo hilo linauma kidogo, lakini ndilo hilo. Ukiwa na insha ya kukabidhi kesho na hoja zako unazijua, zipange. Dakika 10 za fujo hazitaigeuza kuwa bora.

Kuna pia dai la kwamba kuandika kunatuliza hofu. Hili lina mizizi ya heshima. Mwaka 1986 James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha jaribio la wanafunzi 46 walioandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika juu ya tukio lililowaumiza, pamoja na hisia zao, walitoka wakiwa na huzuni zaidi siku hizo, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao. Baadaye majaribio ya namna hiyo yakawa mengi. Mwaka 2006 Joanne Frattaroli aliyajumlisha 146 na kukuta faida ipo, ila ni ndogo.

Halafu mwaka 2011 likaja lile linalopendwa zaidi na kurasa za ushauri: Gerardo Ramirez na Sian Beilock, katika jarida la Science, walionyesha kwamba wanafunzi waoga wakiandika hofu zao kwa dakika 10 kabla ya mtihani wanafanya vizuri zaidi. Maelezo yanavutia: ile nafasi ndogo ya akili tunayoitumia kukokotoa hesabu inajaa woga, na ukiumwaga kwenye karatasi nafasi inarudi. Tatizo ni kwamba mwaka 2018 timu kubwa ya watafiti ilirudia majaribio 21 ya sayansi za jamii yaliyokuwa yametoka kwenye Nature na Science, likiwemo la maabara la hawa wawili. Kati ya hayo, 13 yalitoa tokeo la upande uleule. Hili halikuwa mojawapo. Ukitaka kuandika hofu yako nje ya chumba cha mtihani andika, haidhuru. Ila usiende ukiwa umeacha kusoma kwa ajili hiyo.

Basi kimebaki nini? Kimebaki kilicho cha maana zaidi kwa mwanafunzi, na hakina mvuto wa matangazo.

Mwaka 2004 Robert Bangert-Drowns na wenzake walijumlisha tafiti 48 za shule ambako wanafunzi waliandika ili kuelewa somo, hisabati, sayansi na mengine, wakilinganishwa na wenzao waliofundishwa kawaida. Kwa wastani walioandika walifaulu zaidi kidogo. Uhondo uko kwenye tofauti za ndani. Programu zilizodumu muda mrefu zilisaidia kuliko zilizodumu muda mfupi. Kazi ndefu za kuandika kwa mkupuo mmoja zilipunguza faida. Na faida iliongezeka pale mwanafunzi alipoulizwa kuhusu uelewa wake mwenyewe: nini nimeelewa, nini bado, wapi panakanganya. Yaani vipande vifupi, kwa wiki nyingi, vinavyouliza "nimekwama wapi?" Ni zile karatasi za pembeni za Elbow, mtupu.

Mwaka 2020 Steve Graham na wenzake walirudia hesabu hiyo kwa majaribio 56 ya sayansi, hisabati na maarifa ya jamii. Kwa lugha ya kawaida, mwanafunzi aliyekuwa katikati kabisa, anayewazidi wenzake 50 kati ya 100, anasogea hadi kuwazidi kama 62. Si muujiza. Lakini fikiria gharama: kalamu na daftari la mistari.

Osmosisi kwa lugha ya nyumbani

Sasa tufike kwetu, maana kuna sehemu ya historia hii inayotugusa kuliko inavyowagusa Wamarekani wenyewe.

Tanzania, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anasoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha anaingia kidato cha kwanza na kila kitu kinageuka Kiingereza. Unajua kinachofuata. Mwalimu anaandika ubaoni, darasa zima linanakili, na daftari linajaa sentensi safi ambazo mwenye daftari hawezi kuzieleza. Chuo kikuu tunaliita desa na maisha yanaendelea. Ni Engfish ya kunakili, ambapo hata samaki si wako.

Elbow alilifikia jambo hili uzeeni. Mwaka 1999 aliandika makala akitetea wanafunzi waandike rasimu kwa lugha ya nyumbani kwao, iwe lahaja au lugha nyingine kabisa, kisha waihamishie kwenye Kiingereza sanifu hatua ya mwisho. Mwaka 2012 akalipanua kuwa kitabu kizima, Vernacular Eloquence. Hoja ni ileile ya mafuta na breki: anayetafuta neno la Kiingereza wakati huohuo anatafuta wazo, amekanyaga pedali zote mbili. Mimi mwenyewe sura ya pili ya tasnifu yangu ilikwama wiki kadhaa mpaka nilipoiandika kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kijiweni, kama namweleza rafiki. Kuitafsiri ilichukua siku mbili.

Tuseme wewe ni wa kidato cha tatu na leo mmesoma osmosisi. Funga daftari la notisi. Weka dakika 10 kwenye simu, kisha iweke simu mbali. Andika bila kusimama, lugha yoyote, bila kufuta. Ukikosa la kuandika andika "sijui niandike nini" mpaka kitu kije. Huenda kikatoka kitu kama hiki:

"osmosisi ni maji yanatoka penye maji mengi kwenda penye maji kidogo kupitia utando, sawa hiyo nimeikariri, kile kiazi tulikiweka kwenye maji ya chumvi kikalegea, kwa hiyo maji yametoka kwenye kiazi, lakini nje si ndiko kulikuwa na maji mengi? beseni zima lile! mbona yamehama kutoka kwenye kiazi kidogo kwenda kwenye beseni, au wanaposema mengi hawamaanishi mengi ya kujaa, wanamaanisha yasiyo na chumvi? au chumvi inavuta maji, inavuta kama sumaku? sijui sijui mama akitia chumvi kwenye mchicha mbona maji yanatoka"

Mtihani haungeipa aya hiyo hata alama moja. Lakini iangalie vizuri. Mwandishi wake ameanza na sentensi ya kukariri, na ndani ya dakika chache amegundua mwenyewe kwamba neno "mengi" alikuwa halielewi. Kunakili ubaoni kusingemfikisha hapo, kwa sababu sentensi ya ubaoni haina tundu. Yake imetoboka, na tundu linaonekana.

Usimwonyeshe mtu ukurasa huo, na mwalimu asiusahihishe. Ukijua kalamu nyekundu inakuja, mkaguzi wa Börne anarudi kukaa kwenye kiti chake. Walimu mnaosoma hapa, mkitaka kulijaribu darasani, dakika tano mwisho wa kipindi zinatosha, na msikusanye madaftari. Waombeni tu kila mmoja apigie mstari swali moja kwenye ukurasa wake, na wanaotaka walisome kwa sauti.

Huyu wa kiazi tayari analo la kwake. Kesho asubuhi, kabla mwalimu hajafuta ubao, anyooshe mkono aulize kama chumvi inavuta.